Unyayo wa Kushoto

Dada yangu alinipa kazi ile Jumapili moja mchana, nyumbani kwake Kibagabaga. Alikuwa anaanika nguo uani, peku, juu ya saruji iliyochomwa na jua hadi mimi niliyevaa kandambili nilikuwa narukaruka kama kuku. Yeye alikwenda kutoka kamba hadi beseni, akarudi, taratibu, kama mtu aliye juu ya zulia.

"Haikuunguzi hiyo?" nilimuuliza.

"Ipi?"

Hapo nikakumbuka. Ana kisukari cha miaka mingi, na nyayo zake zilikuwa zimeacha kusikia. Daktari alishamwonya, naye akanisimulia onyo lenyewe kama habari za jirani: kila jioni ajikague chini ya miguu kwa kioo, kwa sababu kidonda kimoja tu asichokisikia kinatosha kuuondoa mguu. Kioo alikinunua. Alikitundika bafuni, akawa anakitumia kuchania nywele.

"Vaa viatu, dada."

"Nivae viatu kwangu, kama mgeni?"

Tulikulia Tanzania, upande wa Kagera, tukarudi Rwanda tukiwa vijana, na Kinyarwanda chetu kikichekwa sokoni. Wazazi wameshatutoka na ndugu wengine hatuna. Kinyarwanda tunakitumia kwa watu. Kiswahili tumekiweka cha kugombania sisi kwa sisi. Kwa hiyo nilipomwambia avae viatu nilijua hatavaa, na yeye alijua nitasema tena.

Ni mhandisi kwenye kiwanda kinachotengeneza magari hapa Kigali. Vyuma vinatoka ng'ambo vikiwa vipande, kiwandani vinaungwa, vinapakwa rangi, vinakaushwa kwenye oveni yenye ukubwa wa kanisa dogo, na upande wa pili linatoka gari. Mimi ni mwandishi wa makala, kazi ambayo watu huniuliza mara mbili: naandika nini, na nikimaliza kuandika nafanya nini. Kiwanda kilikuwa kimemtwika dada jukumu la kutafuta namna ya kupunguza hewa chafu kinayoitoa, naye alitaka mpango wake uandikwe pia kwa Kiswahili, kwa ajili ya mafundi waliotoka Kongo na wauzaji wa magari walioko Tanzania.

"Tatizo liko kwenye neno moja," alisema, vibanio vya nguo vikiwa mdomoni. "Wazungu wanauita unyayo. Moshi wote unaotoka kwa sababu kiwanda kipo duniani, wanaupima, wanasema huo ndio unyayo wake. Sasa wewe msomi, sisi tuuite nini?"

"Sema hewa ya ukaa," nilimjibu, kwa sauti ya mtu aliyesomea lugha chuo kikuu na hajapata nafasi nyingi za kuitumia.

"Ukaa? Watadhani ni hewa inayokaa."

"Inatokana na kaa, dada. Kaa la moto."

"Kaa nalijua. Lakini hawatakuwa wamekosea sana. Inakaa kweli. Itakuwa bado iko huko juu siku ambayo sisi hatutajwi tena." Akabana shati la mwisho. "Andika unyayo. Unyayo wa kaboni. Hakuna mtu asiyejua unyayo."

Nilikuwa nimedhani kazi yenyewe ni nyepesi. Kiwanda kina bomba, bomba linatoa moshi, mtu anaziba bomba. Dada alinisikiliza nikieleza hivyo, halafu akaniuliza kama kweli chuo kikuu nilimaliza.

"Moshi unaouona getini kwetu ni kidogo," alisema. "Gari linaanza kuchafua kabla hata halijatufikia. Chuma kinayeyushwa mbali huko kwa makaa ya mawe. Likitoka kwetu linachafua tena barabarani mpaka liishe. Sisi tupo katikati, tumeshika kipande kidogo, na wakubwa wangu wanataka kujisifu kwa kipande hicho hicho. Wabadilishe taa, wapande miti, wapigwe picha na koleo."

Yeye alitaka mengine. Alitaka kiwanda kinunue chuma kwa wale wanaoyeyusha vyuma chakavu kwa umeme, hata kama itabidi kusubiri. Alitaka vipuri viagizwe mapema visafirishwe kwa meli na lori, kwa sababu kila mtu wa ofisi ya manunuzi anapolala, kuna sanduku la taa za breki linapanda ndege. Alitaka oveni ya rangi iachane na dizeli. Alitaka magari ya umeme yaongezwe, na betri zikichoka zirudi kiwandani zihifadhi umeme wa paneli za paani badala ya kuachwa zitupwe ovyo. Alizungumza hivyo huku jua likishuka, na mimi nikiandika, gari langu likiwa limeegeshwa nje ya geti lake: gari la dizeli lenye umri wa kupiga kura, ambalo likipanda kilima huacha nyuma yake wingu ambalo wenye pikipiki hulipita wakiwa wameziba pua.

"Na wewe ukija kwenye kikao," aliniambia, "liache hilo gari lako mbali."

Kikao ndicho alichokuwa anakiwaza. Wakurugenzi wangekutana, naye angesimama mbele yao kuutetea mpango wake, hasa chuma na oveni. Alikuwa ameshajaribu mara moja kwa maandishi, wakamshukuru.

Kabla sijamaliza tafsiri, ofisi ya matangazo ya kiwanda iliomba sentensi moja tu ya kuanzia. Niliwapa. Waliiandika kwa rangi ya kijani juu ya mlango wa mafundi: TUPUNGUZE UNYAYO WETU WA KABONI. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipita pale na gari kwenda kuiangalia.

Sikuwa nimefikiria kwamba mafundi wengi wa pale Kiswahili chao ni cha sokoni na cha safarini, na kwamba kwao kaboni ni kitu kimoja tu kinachojulikana: ule unga mweusi wa mashine za kuchomelea unaoganda kwenye soli za mabuti. Wakasoma, wakaelewa, wakatii. Magunia yaliyolowa maji yakatandikwa mlangoni. Kila aliyeingia akasugua miguu. Mlinzi wa mlango, mwanamume mnene mwenye heshima zake, akajipa mamlaka juu ya suala zima la tabianchi. Alimzuia hata meneja.

"Bosi, unyayo."

Dada alinipigia simu akicheka mpaka akakohoa. "Profesa, umefaulu! Sakafu haijawahi kung'aa hivi. Watu wa usafi wanauliza ni nani aandikiwe barua ya shukrani."

Katika maisha yangu ya uandishi hiyo ndiyo sentensi pekee iliyowahi kumfanya mtu afanye jambo. Nilimwambia hivyo, akacheka tena. Halafu akasema alikuwa hajaruhusu lifutwe, lile tangazo. Alikuwa anatafuta namna ya kuwaeleza mafundi bila kuwatia aibu, kwa sababu waliona fahari, na yeye mwenyewe alikuwa anasugua mabuti kila asubuhi kama wote.

Alikuwa anayasugua hivyo siku ambayo mlinzi hakuridhika.

"Mama, kiatu yako ya kushoto iko na kaboni bado."

"Nimesugua, muzehe."

"Iko inaacha alama, mama. Angalia nyuma."

Akaangalia nyuma. Sakafuni, kutoka alikotokea, kulikuwa na alama ya kila hatua yake ya kushoto, na haikuwa nyeusi. Alikaa kwenye benchi la mlinzi akavua buti. Soksi ilikuwa imelowa damu. Alipolipindua buti, ilianguka skrubu ndogo, ya zile za kufungia paneli za ndani ya milango, ikabingirika mpaka kwenye gunia. Hakujua iliingia lini. Alikuwa ameikanyaga akizunguka idara zote, akipanda ngazi, akisimama kwenye mikutano, na unyayo wake haukumwambia kitu.

Mlinzi alilia. Dada ndiye aliyembembeleza.

Hospitalini walisafisha, wakafunga, wakatoa dawa kali. Nikawa nampeleka na kumrudisha, na barabara zote za kuteremka na kupanda za mji huu tukazijua upya kwa moshi wetu. Kila bandeji ilipofunguliwa nilitazama dirishani. Yeye alitazama kidonda, akauliza maswali ya kihandisi. Kimeingia kina gani? Mfupa umefikiwa? Damu inafika mpaka wapi?

Daktari alikuwa kijana mpole. Alituambia kwamba angesubiri kidogo, ila kama kidonda hakitageuka, mguu ungekatwa chini ya goti, kabla haujamchukua mwenyewe. Akamalizia kwa neno ambalo hapa watu husema kwenye kila msiba: ihangane. Ni pole na ni vumilia, vyote kwa pamoja, na ukiambiwa na daktari unajua kwamba cha kufanya kimebaki kidogo.

Tulikaa garini bila kuliwasha.

"Kikao kiko karibu," alisema.

"Dada, acha kikao."

"Sikiliza. Nikienda kwa magongo watanionea huruma. Mtu anayehurumiwa hasikilizwi. Wanamwambia ndiyo, ndiyo, halafu wanamletea kiti. Nataka niingie kwa miguu yangu, nisimame, niwaambie kuhusu chuma, wanikatalie nikiwa nimesimama."

Nilimwambia labda kitageuka.

Hakikugeuka. Tuliombewa kanisani, na mama mmoja wa kwaya alileta asali ya kupaka, dada akamshukuru na kuificha kabatini kwa sababu alijua angeila. Tafsiri niliimalizia kando ya kitanda chake wodini. Nilisoma kwa sauti, naye alirekebisha akiwa amefumba macho. Kuna aya ilisema kiwanda kitapunguza unyayo wake hatua kwa hatua. Nilifika hapo nikanyamaza.

"Mbona umeacha?"

"Nadhani nitafute neno lingine."

"Neno lina kosa gani?"

"Dada."

Akafumbua macho, akanitazama, akaelewa. "Kumbe," alisema. "Sisi wetu tunaupunguza kwa mara moja. Kiwanda ndicho kinachobembelezwa." Akafumba macho tena. "Liache hilo hilo. Wameshalizoea."

Siku ya upasuaji, asubuhi, muuguzi alikuja na swali ambalo sikuwa nimelitegemea. Alilitoa kwa Kinyarwanda cha adabu, akiinamisha kichwa: mguu tukishautoa, mtauchukua, au tuuchome?

Mimi nilitaka kumwambia atoke nje. Dada aliuliza, "Mnachomea wapi?"

"Tuna tanuri letu, mama, la taka za hospitali."

"Linatumia nini?"

"Sijui, mama. Nadhani dizeli."

"Basi hapana." Akanigeukia, akahamia Kiswahili. "Nimehangaika muda wote huu kuzima oveni ya dizeli. Siwezi kuingia nyingine kwa mguu wangu mwenyewe."

Tulicheka, sisi wawili, muuguzi akitutazama asijue kama atuonee huruma au atuitie mtu. Kisha kicheko cha dada kikabadilika katikati, bila kuaga, na nikamshika mkono mpaka walipokuja kumsukuma.

Mguu walinikabidhi ukiwa umefungwa vizuri ndani ya boksi. Nilikuwa nimeleta kitenge chake kimoja cha bluu, nikalifunga boksi kwa kitenge. Sikuweza kuliweka nyuma kwenye buti la gari. Nililiweka kiti cha mbele, nikalifunga mkanda, nikaendesha kuelekea makaburi yaliyoko upande wa Kabuga, alikolala mama yetu. Kwenye mataa, abiria wa basi lililosimama pembeni walilitazama lile boksi lililofungwa mkanda, labda wakidhani ni keki.

Mtunza makaburi alikuwa na koleo begani. Alianza kwa Kinyarwanda, mimi kwa wasiwasi wangu nikajibu kwa Kiswahili, naye akanifuata huko.

"Marehemu iko wapi?"

"Hakuna marehemu. Ni mguu."

"Mguu ya nani?"

"Wa dada yangu."

"Na yeye iko wapi?"

"Wodini. Nimemwacha anakula ndizi."

Alifikiri. Alizunguka gari, akachungulia kiti cha mbele, akavua kofia, akaivaa tena. "Kama yeye iko anakula," alisema, "mimi navua kofia ya nini?"

"Hata mimi sijui, mzee."

Akampigia simu mkubwa wake, akaenda pembeni kueleza, na nikamsikia akisema mguu, mguu, kwa sauti inayopanda. Alirudi akasema inawezekana, ila kaburi jipya halifunguliwi kwa kipande. Tutachimba miguuni pa mama. Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Alichimba, nilishusha, tulifukia pamoja. Nilitaka kusema sala, nikagundua kwamba sala zote ninazozijua za makaburini zinamwombea mtu apumzike, na mwenye mguu ule alikuwa na mipango mingine kabisa. Nikasema Baba Yetu na kuondoka.

Kikao kilifanyika dada akiwa bado wodini. Mpango wake ulisomwa na mwenzake wa ofisini, mwanamume mwaminifu na mwoga, ambaye alikuja kumtembelea jioni ile ile na nanasi aliloambiwa mlangoni kwamba mgonjwa haruhusiwi. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Sema," dada alimwambia. "Anza na mabaya."

"Paneli za paani wamezikubali."

"Nimesema mabaya."

"Taa pia. Na miti, miti wameipenda sana. Wanataka tuipande Gahanga, na wafanyakazi wote, na fulana."

"Chuma?"

"Wamesema ni wazo zuri, la kuangaliwa mbele ya safari."

"Oveni?"

Alilishika nanasi kwa majani yake.

"Uliwaeleza kwamba bila chuma hayo mengine ni mapambo?"

"Nilisoma kama ulivyoandika, neno kwa neno." Akaliweka nanasi chini ya kiti. "Waliulizia hali yako kwanza. Wote waliinama kidogo. Walisema wanakupa pole, na kwamba kiwanda hakitasahau mchango wako."

"Ulisimama, ulipokuwa unasoma?"

"Ndiyo, mama."

"Asante."

Alipoondoka, dada aligeukia ukutani, na mimi nilikata nanasi la watu nikawagawia wagonjwa wa vitanda vingine, kwa kuwa ilibidi mikono yangu ifanye kitu. Kiwandani hakurudi kwenye idara yake. Walimpa nafasi ya ushauri, ya kufanyia nyumbani, kwenye kompyuta, kwa maneno matamu. Yeye aliita hiyo kuletewa kiti.

Sasa yuko Kibagabaga. Mguu wa bandia ameahidiwa, ngozi ya pale ulipokatwa ikishapona. Wanawake wa kanisani humtembelea Jumamosi, na ni mmoja wao, mwenye nia njema na mdomo usio na mlango, aliyemweleza kwamba kiungo kikizikwa kimekunjika, mwenyewe huteseka mpaka kifukuliwe kinyooshwe. Walipokwisha kutoka, nilimkuta dada amekaa kitandani, shuka limemfunika kiunoni hadi chini.

"Ulipouzika," aliniuliza, "uliulaza vipi?"

"Vizuri."

"Vizuri vipi? Wima? Ubavu?"

"Ulikuwa kwenye boksi, dada. Sikufungua."

"Kwa hiyo hujui kama vidole vimekunjika."

"Wewe ni mhandisi," nilimwambia.

"Mhandisi ni huku juu. Mguu haukwenda shule." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Unauma. Kidole gumba, na pale kwenye upinde wa unyayo. Miaka yote nilikuwa nao, nimeukanyagisha skrubu, haukusema hata neno. Leo uko kule kwa mama ndiyo unaniita mchana na usiku."

Daktari alikuwa ameshatueleza kwamba hutokea, kwamba ni ubongo bado unautafuta. Nilianza kumkumbusha hivyo, nikaona uso wake, nikaacha. Nikakaa mwisho wa kitanda. Shuka lilikuwa limelala tambarare upande wa kushoto, limenyooshwa kama la hotelini. Niliweka mkono juu yake, nikaanza kusugua, polepole, nikijiona mpumbavu.

"Chini kidogo," alisema.

Nikashuka.

"Hapo. Usiache."

Nje gari la jirani lilikuwa linakataa kuwaka. Nikaendelea kusugua shuka, yeye amejilaza chali, amefumba macho, machozi yakimteremka hadi masikioni bila sauti, na kila mkono wangu ulipochoka nilibadilisha mwingine.